Swali la Tisa, Jumamosi Jioni

Dodoso la PHQ-9, linalotumika kupima sonona karibu kila pembe ya dunia, ni karatasi moja tu. Lina maswali tisa, yote yakihusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Alama za juu kabisa ni 27, na mtu akifikisha 10 anahesabiwa kuwa na dalili zinazotosha kuonwa na mtaalamu. Mdodosaji aliyezoea hulimaliza kwa dakika chache. Maswali manane ya kwanza yanauliza mambo kama usingizi, hamu ya chakula, uchovu na kukosa raha. La tisa linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba afadhali ufe, au mawazo ya kujidhuru.

Sasa tuseme ni Jumamosi saa kumi na moja jioni, kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, huko Marangu, Kilimanjaro, na mama wa miaka arobaini na kitu anajibu swali la tisa hivi: "Karibu kila siku." Mdodosaji ni kijana aliyemaliza chuo mwaka juzi. Ana kishikwambi mkononi, amepangiwa kaya sita kwa siku, na hii ni ya tano. Anabonyeza 3, skrini inasogea, anauliza swali linalofuata: nyumba imeezekwa kwa kitu gani?

Makaratasi ya mradi huo yote yamekaa sawa. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kipo na hakijamaliza mwaka wake. Mtafiti mkuu ni mgeni, kwa hiyo kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nacho kipo. Barua imeshuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa hadi wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji aliyemleta kijana mlangoni. Mama ametia saini nakala mbili, moja imebaki kwake, chini ya godoro. Mkaguzi akija leo hatapata kosa.

Hapo ndipo ninapogombana na namna tunavyoendesha mambo. Mfumo wetu wa maadili ya utafiti ni geti lenye mlinzi mkali, na ndani ya geti hakuna mtu. Utafiti wa saikolojia kwa kawaida haudhuru getini. Hauchomi sindano wala hautoi damu. Hudhuru sebuleni, katikati ya mazungumzo, kwa neno moja lililosemwa mbele ya mtu asiyepaswa kulisikia, au kwa jibu zito lililopokelewa kana kwamba ni idadi ya mbuzi.

Sababu moja ni kwamba fomu tunazojaza zimerithiwa kutoka kwenye makosa ya madaktari. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilitokana na kesi ya madaktari wa Kinazi. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo marekebisho yake ya karibuni ni ya Oktoba 2024, liliandikwa na chama cha madaktari wa dunia. Ripoti ya Belmont ya Marekani, iliyotuachia zile nguzo tatu za kuheshimu utu, kutenda mema na kugawa mzigo kwa haki, ilitoka mwaka 1979 baada ya aibu ya Tuskegee, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ugonjwa wao na bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Ndiyo maana fomu inauliza: utatoa damu? Utatumia dawa mpya? Utafanya upasuaji? Mwanasaikolojia anaandika hapana, hapana, hapana, kisha anaweka alama kwenye kisanduku cha "hatari ndogo". Kisanduku hicho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote.

Saikolojia ina mfano wake yenyewe, na inafaa tuutazame kwa makini kuliko tulivyozoea darasani. Stanley Milgram, chuoni Yale, aliwaita wanaume 40 na kuwaagiza wampige mwenzao shoti ya umeme kila alipokosea jibu, wakipanda ngazi hadi volti 450. Umeme haukuwepo, na yule "mwenzao" alikuwa mwigizaji. Wanaume 26 kati ya 40 walifika mwisho. Walilipwa dola nne na nusu, na waliambiwa tangu mwanzo kwamba hela ni yao kwa kuja tu, hata wakiacha. Kwa karatasi, walikuwa huru kuondoka. Waliosita waliagizwa kwa maneno tu waendelee, hadi kuambiwa kwamba hawana chaguo lingine, na msimamizi aliyevaa koti la maabara alikuwa pembeni. Hilo lilitosha. Watu walitetemeka, wakatokwa jasho, wakacheka kicheko cha woga, na bado wakaendelea kubonyeza.

Tunapofundisha jaribio hili tunasema Milgram alikosea kwa kuwadanganya watu na kuwatesa roho. Ni kweli. Lakini tunaruka jambo alilolionyesha: mtu mwenye mamlaka akisimama pembeni, neno "hiari" linaisha nguvu. Alichokichunguza Milgram ndicho sisi tunachokitumia kama usafiri. Mwenyekiti wa kitongoji anapiga hodi, anasema "mama, hawa ni wageni wetu kutoka serikalini, wasikilize," kisha anavuta kiti na kukaa. Huyu ndiye anayeandika barua ya utambulisho mama akitaka kufungua akaunti au mtoto akiomba mkopo wa chuo. Ni yeye anayepeleka majina ya kaya za kupata msaada. Nani atamwambia mgeni wake "leo sina nafasi"?

Mlimani hali ni hiyo hiyo. Tuchukue jaribio la umakini, lile la kutaja rangi ya wino badala ya kusoma neno lenyewe, lifanywe kambini Kibo, kwenye Mlima Kilimanjaro, juu ya mita 4,700, ili kuona jinsi upungufu wa hewa unavyochosha akili. Washiriki ni wapagazi. Anayewaita waje ni kiongozi wa msafara, yule yule anayechagua nani apande safari ijayo na nani abaki kwenye geti la hifadhi akisubiri. Mpagazi atakubali, atatia saini, atajibu huku kichwa kikimgonga. Vivyo hivyo kwa mwalimu wa chuo anayegawa dodoso kwa darasa lake wiki moja kabla ya mtihani. Na kwenye maboma ya Wamasai, Monduli au Longido, laigwanani, kiongozi wa mila, akikubali mradi uingie, wadodosaji wengi huona kazi imekwisha. Haijaisha. Ruhusa ya mzee wa mila ni ya kuingia bomani. Ruhusa ya mume, pale inapohitajika ili mke asije kupata shida baadaye, ni ya kumlinda mke. Ridhaa ya kujibu maswali ni ya mwanamke mwenyewe, na inaombwa wakiwa wawili, mlango umefungwa.

Dawa yake ni ya kawaida sana. Mwenyekiti aonyeshe njia, atambulishe, kisha aondoke kabla fomu haijafunguliwa, na jambo hilo aelezwe siku ya kwanza ofisini kwake ili asilione kama dharau. Asipewe orodha ya waliokataa. Mpagazi aitwe na mtu asiye wa kampuni, akiwa Moshi mjini baada ya safari na baada ya malipo. Wanafunzi wafuatwe na mtu asiyesahihisha mitihani yao. Kisha mradi uhesabu waliokataa kila wiki. Ukipita kaya mia mbili na hakuna hata moja iliyosema hapana, usishangilie. Hiyo ni dalili kwamba watu hawakujua wanaweza kukataa.

Lugha nayo ina lawama zake. Fomu yenye maneno 1,800 ikisomwa kwa sauti, kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika, inachukua robo saa kabla swali la kwanza halijaulizwa. Hakuna anayesikiliza robo saa. Ndani yake kuna maneno yanayoeleweka ndivyo sivyo. "Utachaguliwa kwa bahati nasibu kuingia kundi la kwanza au la pili": msikilizaji anayejua bahati nasibu za redioni na kwenye simu anasikia kwamba kuna washindi na walioshindwa, na akiwekwa kundi linganishi anakwenda nyumbani akijiona amekosa. Afadhali vikaratasi viwili kwenye kofia, avute mwenyewe, aelezwe kwamba hakuna anayejua kundi lipi ni zuri zaidi, na kwamba ndiyo sababu utafiti unafanyika. Neno "utafiti" lenyewe, likitamkwa na mtu mwenye koti jeupe ndani ya uzio wa hospitali ya KCMC, husikika kama "matibabu". Mtu aliyelazwa baada ya ajali ya bodaboda anakubali kila anachoambiwa kwa sababu anadhani ni sehemu ya kutibiwa. Kama alifika na mbege, pombe ya ndizi, kichwani, asiulizwe chochote mpaka akili itulie, na ridhaa iombwe asubuhi, na mtu asiyemfunga bandeji.

Namna ya kujua kama ameelewa si kumuuliza "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu. Mwambie akueleze wewe, kwa maneno yake, mambo matatu: tunakuja kufanya nini hapa? Ukikataa, utakosa nini hospitalini au kijijini? Ukichoka katikati, utafanyaje? Akikosea la pili, rudia. Akikosea mara ya pili, mshukuru na usimhoji. Asiyejua kusoma huweka dole gumba, na shahidi wake awe mtu anayejua kusoma na asiye wa mradi. Mara nyingi shahidi ni dereva wa mradi, jambo ambalo ni kichekesho.

Tafsiri ya vipimo huachwa kwa watu wa takwimu, na mimi naihesabu kuwa suala la maadili. CES-D, kipimo kingine cha sonona chenye maswali 20, kina swali linalotumia msemo wa Kimarekani unaotaja huzuni kwa jina la rangi ya buluu. Ukiufasiri neno kwa neno, mtu wa Usa River atakutazama tu. Tafsiri ya kurudisha kwenye lugha ya kwanza haitoshi kugundua kosa hili, kwa sababu mfasiri mzuri wa pili anajua ulichokusudia na atakurudishia sentensi ileile ya mwanzo. Linalosaidia ni kukaa na watu kumi au kumi na watano wa eneo hilo, kuwasomea kila swali, na kuwauliza wamesikia nini. Ndipo utasikia "kufikiri sana", "moyo mzito", "kukosa amani", maneno yenye uzito kuliko "kujisikia chini". Kumchukulia mtu saa yake nzima, na machozi yake, kwa swali lisilopima kitu, ni kumwibia.

Tuje kwenye siri. Fomu nyingi zinasema: "Taarifa zako zitakuwa siri kabisa." Huo ni uongo, na mtafiti anajua ni uongo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo msichana wa miaka kumi na minne akikueleza anachofanyiwa na mjomba, huna haki ya kukunja daftari na kuaga. Na mtu aliye karibu kujiua hawezi kuachwa kwa sababu ya neno "siri". Fomu iseme mipaka hiyo waziwazi, kabla ya maswali. Kuna jambo la ziada hapa kwetu: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kuwa na mawazo hayo si kosa, lakini mama wa Marangu hana sababu ya kujua tofauti. Anayeogopa polisi atajibu 0, na takwimu zako zitakuwa safi na za uongo. Basi aambiwe kwamba akijibu hivi, atakayeitwa ni mhudumu wa afya.

Jina ndilo kitu rahisi kuficha. Arusha tunapaswa kulijua hili kuliko mji mwingine wowote. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, na mashahidi wake wengi waliitwa kwa herufi tu. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, iliyohukumiwa Septemba 1998, yupo shahidi anayejulikana ulimwenguni kote kama JJ. Mahakama ilijua kwamba herufi peke yake haitoshi: palikuwa na pazia, na palikuwa na vikao vya faragha pale maelezo yenyewe yalipoweza kumtambulisha mtu. Mradi wa saikolojia ulio na ofisi mtaa wa pili unampa mshiriki namba ya siri, kisha unaegesha Land Cruiser yenye nembo ya mradi wa Ukimwi mbele ya mlango wake. Kishikwambi, bila mtu kukiagiza, kinanasa mahali nyumba ilipo kwa usahihi wa mita chache na kupaweka kwenye safu ileile yenye majibu. Mnukuzi anatumiwa sauti ya mahojiano kwa WhatsApp kwa sababu barua pepe ni nzito. Na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, nayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Kwa hiyo zima kunasa mahali, au tumia namba ya kitongoji badala ya nukta ya nyumba. Orodha ya majina na namba ikae kwenye faili tofauti, kwa mtu tofauti, na iandikiwe tarehe ya kuharibiwa. Gari liegeshwe barabarani, mdodosaji atembee. Pale maswali yanapogusa kipigo cha nyumbani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 bado unafaa: mwanamke mmoja tu kwa kaya, utafiti utambulishwe kijijini kwa jina la jumla kama afya ya akina mama, na mdodosaji awe na maswali ya bandia kuhusu uji wa mtoto ya kubadilishia mada mume akiingia ghafla. Vihamba vimebanana, migomba haizuii sauti. Wakati mwingine mahali pa faragha kuliko pote ni njia ya kwenda kisimani.

Kuhusu fedha sina mengi. Shilingi 10,000 ni nauli na maji kwa karani wa Njiro, na ni kibarua cha siku nzima kwa mwanamke wa shambani. Lipa muda na nauli halisi, sema kiasi mapema, na umpe hata anayeacha swali la tatu. Anayelipwa akimaliza tu hana uhuru wa kuacha.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanastahili makala yao wenyewe. Ni watu wanaozidi kidogo tu elfu moja, na wamepimwa usingizi, ulaji, namna ya kugawana, hata namna ya kusoma hisia usoni. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walipoonyesha kwamba saikolojia imejengwa mno juu ya wanafunzi wa vyuo vya Magharibi, jibu la wengi halikuwa kwenda Kariakoo au Ngarenaro. Lilikuwa kukodi gari hadi Mang'ola, kwenye kambi zilezile zinazofikika. Katika kambi ya watu 25, "mwanamume wa miaka 60 mwenye watoto tisa" ni jina kamili. Jedwali lisioneshe kundi lenye watu pungufu ya watano. Na nguzo ya tatu ya Belmont, ile ya kugawa mzigo, ikisomwa kwa uaminifu, inatosha kumwambia mtafiti wa hamsini arudi nyumbani.

Udanganyifu wa makusudi katika majaribio hauna nafasi kubwa kwetu, nami siulilii. Ukitumika, ukweli ufunguliwe siku hiyohiyo, na mtu apewe nafasi ya kufuta majibu yake. Mji kama Moshi ni mdogo: aliyedanganywa leo atamfungia mlango mtafiti wa kesho, hata awe mkweli namna gani.

Narudi kihambani. Utaratibu unaohitajika pale unatosha upande mmoja wa karatasi. Jibu la swali la tisa likiwa 1 au zaidi, kishikwambi kinawekwa chini na dodoso linasimama. Mdodosaji anauliza taratibu, kwa maneno aliyoyafanyia mazoezi kwa sauti siku mbili nzima wakati wa mafunzo: mawazo hayo yamekuja lini mara ya mwisho? Umefikiria namna ya kufanya? Uliwahi kujaribu? Akijibu kwamba ana mpango, au kwamba sumu ya shambani iko ndani ya nyumba, haachwi peke yake. Anaulizwa ni nani anayemwamini, dada au mtu wa jumuiya, na huyo anaitwa kwa ridhaa ya mama. Simu inapigwa kwa mtaalamu wa mradi, usafiri unaitwa, na mdodosaji anamsindikiza hadi hospitali ya KCMC au ya Mawenzi. Kwa upande wa Arusha, hadi hospitali ya Mount Meru. Mama anafuatwa kesho yake, na tena baada ya wiki. Kaya ya sita inasubiri, na mdodosaji hakatwi posho kwa kutoifikia. Akirudi, naye ana mtu wa kuzungumza naye, maana anayesikiliza haya miezi mitatu bila pa kuyatua huishia ama kuacha kazi ama kuanza kubonyeza 0 ili amalize upesi.

Yote haya yana bei: simu, mafuta, siku za mtaalamu, siku za mazoezi. Kwenye bajeti nyingi fungu hilo halipo, wakati fungu la fulana za mradi lipo. Kamati ikipokea maombi yenye swali la tisa, ianze na hapo: simu itakayopigwa Jumamosi saa kumi na moja jioni ni ya nani, na mtu huyo analipwa kutoka fungu gani? Kama jibu ni kwamba mshiriki "atashauriwa kwenda kituo cha afya kilicho karibu", maombi yarudishwe. Kituo kilicho karibu na mama yule, saa hiyo, kina muuguzi mmoja, naye yuko chumba cha kujifungulia.